Arosto ya vidonge vya hospitali: tramadoli naiachaje nikiwa hai?

#1 Pikipiki_Busia
Wakuu salaam. Naendesha boda hapa Busia, upande wa Uganda. Mwaka jana mwezi wa pili lori lilinibana kwenye foleni ya mpakani, mguu wa kulia ukavunjika mara mbili chini ya goti. Nikawekewa chuma, nikaruhusiwa na tramadoli, vidonge vya kutuliza maumivu, za miligramu 50, asubuhi moja na jioni moja, siku kumi basi. Zilipoisha nikaanza kujinunulia, kuna duka hapa hawaulizi karatasi ya daktari. Sasa ni miezi kumi na minne na nameza nane kwa siku. Mguu wenyewe ulishapona, mpira nacheza.

Mwezi uliopita mke alipiga hesabu ya pesa ninazopeleka dukani, tukagombana, nikaacha siku hiyo hiyo kwa hasira. Kesho yake mchana niko stejini napiga miayo tu. Abiria alishapanda, akashuka, akasema huyu atanilaza barabarani. Jioni zikaja chafya, nilihesabu kumi na saba mfululizo. Usiku miguu inarusha mateke yenyewe, mke akahamia kwa watoto. Siku ya pili kuhara, kutapika, makamasi, jasho la baridi, na vinyweleo vimesimama kama kuku aliyenyonyolewa, jua la Busia mnalijua. Nikapima malaria, hamna. Usiku wa tatu nikasikia mtu ananiita jina nje. Nikatoka na tochi, hakuna mtu. Nikarudi ndani nikameza mbili, na baada ya saa moja nilikuwa nimekaa nakula kikomando kama mtu mzima.

Rafiki ananishauri nijifungie wiki nzima na maziwa na Valium, vile vidonge vya usingizi. Mwingine anasema nikifanya hivyo nitakufa. Mimi si teja, hata sigara sijawahi kuvuta. Naachaje?

#2 Jogoo la Kawempe
Si teja ila chafya unazihesabu na kuziandika. Pole, ssebo. Nakaa hapa nisubiri wenye akili.

#3 Mzee wa Bombo
Kijana, dawa ya daktari haimfanyi mtu teja. Hiyo haijawahi kuwa. Ulichokunywa ni feki, wamechanganya na kitu kingine, ndiyo maana mwili unakataa. Tulipokuwa jeshini tulichomwa sindano kali kuliko hizo, na vita vikiisha mtu anarudi kulima. Tatizo lenu vijana ni moyo mwepesi.

#4 Dereva wa Mbarara
Mimi niliacha kavu kavu. Nilipanga chumba, nikanunua maji katoni mbili na ndizi, simu nikazima. Siku tisa. Nilitoka nimekonda lakini huru. Usiogope maneno ya watu, jifungie.

#5 Musawo wa Kivulini
Dereva, ulikuwa unameza ngapi, na kwa muda gani?

#6 Dereva wa Mbarara
Tatu kwa siku. Miezi miwili hivi.

#7 Musawo wa Kivulini
Ndiyo maana. Tatu kwa miezi miwili na nane kwa miezi kumi na minne si safari moja. Wewe ulivuka mfereji, mwenzako yuko ukingoni mwa Nile.

Mimi ni ofisa tabibu wa magonjwa ya akili, nimekaa na hawa watu wodini. Pikipiki, hayo uliyoeleza ndiyo arosto yenyewe, hujakosea hata dalili moja. Tramadoli iko katika jamii ya afyuni, pamoja na mofini, kodeini na pethidini. Mwili ukizoea kuzipata kila siku unapunguza breki zake wenyewe, na siku ukiziondoa ghafla kila kilichokuwa kimetulizwa kinaamka kwa pamoja: tumbo, pua, jasho, miguu. Inaanza kati ya saa 12 na 48 tangu dozi ya mwisho, inapanda siku ya pili hadi ya nne, halafu inashuka ndani ya wiki moja au siku kumi. Usingizi na moyo mzito hukaa wiki nyingi zaidi.

Kuhusu Valium, usijaribu peke yako. Valium juu ya tramadoli, au na waragi, ndiyo inayomfanya mtu asahau kupumua akiwa amelala. Na jua kwamba miligramu 400 kwa siku, hapo ulipo leo, ndipo dari ya dawa hii. Ukivuka hapo hatari ya degedege inapanda, hata kwa mtu ambaye hajawahi kuugua kifafa.

#8 Binti Tanga
Pole sana kaka. Afadhali umeiita arosto, huku kwetu tulidhani hilo ni neno la wavuta unga tu. Mdogo wangu anakunywa methadoni, dawa ya kumtoa mtu kwenye unga, kila asubuhi. Muhimbili ilianza 2011, na nyinyi Uganda nadhani mlianza mwaka huo huo. Nenda ukaombe, utaachana na vidonge siku moja.

#9 Musawo wa Kivulini
Dada, 2011 ni ya Dar es Salaam. Kwetu kliniki ya kwanza ya methadoni na mwenzake buprenofini ilifunguliwa Butabika, hospitali ya magonjwa ya akili ya Kampala, mwaka 2020. Na ilifunguliwa hasa kwa wanaojidunga heroini. Mtu wa vidonge kama Pikipiki anaweza kupimwa na kupangiwa vingine. Si kwamba unafika getini unapewa kikombe.

#10 Jogoo la Kawempe
Butabika! Mkuu, ukionekana unaingia lile geti, mtaa mzima utasema umeokota makopo.

#11 Pikipiki_Busia
Hilo ndilo naogopa, Jogoo. Mke wangu ana ndugu Luzira, jirani kabisa na pale.

#12 Mkemia Mbale
Nina duka la dawa lenye leseni, naomba nimjibu Mzee wa Bombo (#3). Feki zipo, sikatai, lakini feki isiyo na dawa ndani haileti arosto. Ukiona arosto ujue dawa ilikuwemo. Na hiyo ya kwamba dawa ya daktari haileti uraibu ni hadithi iliyokuja pamoja na tramadoli yenyewe. Wajerumani wa kampuni ya Grünenthal waliitengeneza mwaka 1962, wakaanza kuiuza 1977, na kwa miaka mingi ilisifiwa kuwa nyepesi, haina madhara ya mofini. Ndiyo maana mpaka leo haimo katika orodha ya kimataifa ya dawa zinazodhibitiwa, wakati mofini imo. India yenyewe, inakotoka nyingi, iliibana 2018.

Kuhusu sauti uliyosikia usiku, hiyo ni tabia ya tramadoli zaidi ya wenzake. Ina mikono miwili. Mmoja unashika pale pale inaposhika mofini, wa pili unachezea kemikali za ubongo za hisia, kama zile dawa za sonona. Ukiacha ghafla unapata arosto mbili kwa wakati mmoja, na ile ya pili inakuja na hofu, kuchanganyikiwa, wengine wanasikia au kuona vitu.

#13 Mzee wa Bombo
Mtu akiitwa jina usiku nje asiitike. Hilo halihitaji Mjerumani.

#14 Lulu wa Namuwongo
Mimi nadhani ni usingizi tu. Usiku tatu hujalala, hata mwenye afya ataitwa na mlango.

Naandika kama mgonjwa wa selimundu. Maumivu yakinishika hospitalini napewa mofini, na kila mara kuna mtu wodini ananitazama kama nimekuja kuiba. Uzi kama huu unanitisha kidogo, maana kesho daktari akiusoma ataninyima. Tafadhali tofautisheni. Mimi nikipona maumivu naenda nyumbani na sikumbuki hata rangi ya dawa.

#15 Nesi wa Arua
Lulu umesema kweli, na hapa lazima niingie. Nafanya tiba shufaa, ya kutuliza maumivu ya wagonjwa mahututi. Mofini ya maji tunayowapa wagonjwa wa saratani inatengenezwa hapa hapa Uganda, mgonjwa halipi, na tangu 2004 sheria inaturuhusu sisi wauguzi na maofisa tabibu tuliosomea kazi hii kuiandika. Huwezi kukuta hilo nchi nyingi. Ni kazi aliyoianza Dk. Anne Merriman alipofungua Hospice Africa Uganda mwaka 1993. Nimehudumia watu kwa miaka na sijaona bibi wa saratani ya kizazi akigeuka teja. Mwili wake unazoea, ndiyo, na tukitaka kumtoa tunashuka polepole. Kuzoea kwa mwili ni kitu kimoja. Kwenda dukani na pesa ya ada ya mtoto ni kitu kingine.

#16 Pikipiki_Busia
Ada hapana nesi. Ilikuwa pesa ya tairi.

#17 Jogoo la Kawempe
Banange, tairi ya nyuma au ya mbele?

#18 Mwalimu wa Gulu
Watu wanasahau kwamba tramadoli ni mti. Wanasayansi waliikuta kwenye mizizi ya mti wa asili Kamerun, babu zetu waliitumia. Mzungu alichukua tu akaitia kwenye kidonge. Kwa hiyo achana na vya dukani, tafuta mzizi, mwili utauachia wenyewe.

#19 Mkemia Mbale
Mwalimu, hiyo habari ilitoka 2013 na mwaka uliofuata ikageuka. Wenzao walikwenda kupima tena Kamerun kaskazini wakakuta wakulima wanameza tramadoli wenyewe na kuwapa ng'ombe ili wavute jembe kwenye joto. Wakikojoa, watu na ng'ombe, dawa inaingia ardhini, mizizi inaifyonza. Umetuambia tunywe mkojo wa fahali, asante.

#20 Jogoo la Kawempe
Nimecheka mpaka nimemwaga chai. Uzi wa mwaka.

#21 Mama Nusura
Tusaidiane jamani, si kucheka tu. Nilianza kodeini baada ya upasuaji wa uzazi, nikaja kugundua nina mimba nyingine na bado nameza. Nilitaka kuacha siku hiyo hiyo kwa aibu. Mkunga mmoja mzee akanishika mkono akasema usiache leo, arosto yako inaweza kumtikisa mtoto tumboni, twende tukapangiwe. Tulipangiwa. Mtoto alizaliwa akawekwa chini ya uangalizi, alitetemeka siku chache na kulia sauti nyembamba, kisha akatulia. Sasa anasoma. Kwa hiyo dada yeyote mwenye mimba anayesoma #4 asijifungie chumbani na ndizi.

#22 Dereva wa Mbarara
Sikuwa nawaambia wajawazito, mama. Nisamehe.

#23 Pikipiki_Busia
Asanteni. Musawo, sasa nishukeje? Niliuliza dukani, wamenipa amitriptilini za usingizi, wanasema zitanisaidia kupunguza.

#24 Mkemia Mbale
Weka chini hizo kwanza! Amitriptilini pamoja na dozi yako ya tramadoli zinasukumana upande mmoja, hatari ya degedege inaongezeka. Kuna hali daktari anaweza kuzitumia akijua anachofanya. Duka lisilouliza karatasi halijui.

#25 Musawo wa Kivulini
Naungana na Mkemia. Pikipiki, nenda kwa daktari au kliniki ya afya ya akili iliyo karibu, hospitali za rufaa za mikoa zinazo, si lazima Butabika. Nitakueleza wanavyofikiri ili usiende kipofu.

Aliyetumia zaidi ya mwaka hushushwa kama sehemu moja ya kumi kwa mwezi, au taratibu zaidi. Aliyetumia muda mfupi anaweza kushushwa kila wiki. Shida ya kapsuli ni kwamba hazigawanyiki vizuri. Ukitoka nane kwenda saba umetoa moja ya nane, mwili unanung'unika tu. Ukitoka mbili kwenda moja umetoa nusu nzima. Kidonge ni kile kile, lakini huku chini ni kizito mara nne. Watu wengi wanaanguka hapo, wanadhani wamekaribia mlangoni kwa hiyo wakimbie. Huko chini ndiko kwa kukaa muda mrefu zaidi. Na kama una zile za kuachia dawa taratibu, usizivunje wala kuzitafuna, utapata dozi ya siku nzima kwa mkupuo.

Kuhara na kutapika ndiko kunakowamaliza watu waliojifungia ndani, kwa kukauka maji. Chumvichumvi za kuongeza maji mwilini ziwe nyumbani. Kuna dawa za kutuliza jasho na mapigo ya moyo, klonidini mojawapo, ila zinashusha presha, ndiyo maana nasema kuwe na mtu wa kukupima. Za kuzuia kuhara usimeze kwa konzi, zikizidi zinavuruga moyo. Na ukipata homa ya kweli usiseme ni arosto tu, pima malaria tena. Hapa kwetu vyote viwili vinaweza kukupata wiki moja.

#26 Wakili wa Mtaa
Ongezeni la sheria. Akikamatwa na vidonge visivyo na karatasi? Nasikia sheria ya dawa za kulevya ilifutwa na mahakama, kwa hiyo yuko salama.

#27 Mtani wa Wakiso
Umechelewa wakili. Mahakama ya Katiba iliifuta ile ya 2015 mwezi Mei 2023 kwa sababu Bunge liliipitisha bila akidi. Waliokwenda kushtaki ni watu wetu wa mairungi (miraa), Wakiso. Tulisherehekea, kisha Bunge likaitunga upya. Sherehe ilikuwa fupi.

#28 Binti Tanga
Wakili wa mtaa kweli, wa mtaa.

Kaka Pikipiki, kuna jambo nataka ulisikie na hakuna aliyeligusa. Jirani yetu alikamatwa akakaa mahabusu wiki mbili. Arosto yote aliimaliza mle ndani, sakafuni, bila hata maji ya kutosha. Akatoka mzima kabisa, amenenepa uso. Jioni ile ile akarudia kipimo chake cha zamani. Mama yake alimkuta asubuhi midomo ya bluu. Mwili ulikuwa umesahau, yeye alikuwa anakumbuka. Ukishuka ukafika tatu, halafu siku moja ukakasirika ukameza nane, hiyo nane si ile ya leo.

#29 Nesi wa Arua
Na mke ajue hilo. Akikukuta unakoroma kwa shida, hauamki, mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano, asikupe maziwa. Akulaze ubavu, akupeleke hospitali mbio. Ipo dawa ya kumrudisha mtu, naloksoni, lakini kwa tramadoli inafanya nusu ya kazi tu, kwa sababu ya ule mkono wa pili aliousema Mkemia.

#30 Mzee wa Bombo
Nimesoma yote. Bado nasema moyo. Hata huo mpango wenu wa kushuka kidogo kidogo, nani atakayemzuia asimeze ya kesho leo? Si moyo huo?

#31 Lulu wa Namuwongo
Mzee, mke wake.

#32 Mkemia Mbale
Mimi nasema ini. Kuna watu ini lao lina kimeng'enya chenye mbio, linageuza tramadoli na kodeini kuwa kitu kikali zaidi haraka haraka. Ethiopia wapo wengi. Kidonge kimoja kwao ni kama viwili kwako. Wengine ini linakokota, wanameza na hawaoni kitu. Mzee huenda ni wa kundi hilo, ndiyo maana anaona ni moyo.

#33 Mzee wa Bombo
Ini langu limeshinda waragi ya miaka arobaini, usilitukane.

#34 Dereva wa Mbarara
Nami niseme ukweli, nimekaa na uzi huu siku tatu. Zile siku tisa zangu zilikuwa za kweli. Lakini nilirudi mwezi wa pili, nikaacha tena, nikarudi tena. Sasa nina miezi mitano. Kilichonirudisha si maumivu. Ilikuwa saa nane za usiku barabarani Lyantonde, peke yangu na usukani. Sijui hilo mnaliita ini au moyo.

#35 Pikipiki_Busia
*(wiki saba baadaye)*
Wakuu, niko hai. Nilikwenda hospitali, si Butabika. Daktari msichana mdogo, hakunifokea. Aliniangalia macho, akanipima presha, akaniuliza kama nina mawazo ya kujiua, nikashangaa, kisha nikagundua siku ya tatu ile nilikuwa nayo kidogo. Mpango wangu ni kushuka kidonge kimoja kila baada ya wiki tatu hivi, na nikifika viwili nirudi kwake tuongee upya. Sasa niko kwenye sita.

Mke ndiye benki. Vidonge viko kwenye kopo la Blue Band, juu ya kabati. Kila siku ina karatasi yake iliyochanwa kwenye daftari la mtoto, kwa hiyo namezea upande mmoja imeandikwa Alhamisi, upande wa pili hesabu za kujumlisha. Wiki ya nne karatasi moja ilikuwa na vitano badala ya saba. Akaniuliza, nikakataa. Akaniangalia tu, akaenda kupika. Usiku nikamwambia. Siku iliyofuata hakuongeza, nilikaa na pengo langu.

Mwenye duka ananipigia simu. Mteja wangu umepotea, nimekuwekea boksi. Namba yake nimeifuta lakini naijua kwa kichwa.

#36 Musawo wa Kivulini
Umefanya vizuri kumwambia. Na usimfiche daktari pia, anaweza kukusimamisha kwenye sita wiki mbili zaidi, si kosa. Usingizi?

#37 Pikipiki_Busia
Nalala saa nne au tano kwa usiku. Miguu imetulia. Mke karudi chumbani.

#38 Mzee wa Bombo
Hapo sasa umesema kitu. Na jina, unaitwa bado?

#39 Pikipiki_Busia
Mara moja tu, mzee. Sikuitika. Lakini asubuhi jirani akaniuliza mbona jana amenigongea dirisha kuomba pampu nikanyamaza.

#40 Jogoo la Kawempe
Na chafya, leo ngapi?

#41 Pikipiki_Busia
Nne. Moja ni vumbi la lori.